Funika Kombe Mwanaharamu Apite: Niliyoyaona Wodini, Riyadh na Jeddah

(Haya ni mazungumzo niliyoyatoa Ijumaa jioni hapa Jeddah mbele ya wauguzi na wafanyakazi wenzetu wa Afrika Mashariki. Waliokosa nafasi ya kuja waliniomba niyaandike, nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema. Hospitali nilizofanyia kazi sizitaji, na wenzangu pia siwataji, kwa sababu mnazozijua.)

Naona wengine mmetoka zamu moja kwa moja na sare mmefunika na abaya, nitajitahidi nisiwalaze.

Niliombwa nizungumzie uongozi wenye ujasiri na jinsi ya kujenga utamaduni mzuri kazini. Mimi si kiongozi wa kitu. Ni muuguzi, nina miaka 37, shahada yangu niliichukua Muhimbili, nikaja Riyadh mwaka 2016 na Jeddah nikahamia 2019 baada ya mkataba wa kwanza kwisha. Kwa hiyo nitazungumzia nilichokiona nikiwa nimesimama pembeni ya kitanda cha mgonjwa. Ofisi za wakubwa nimeingia mara chache, na mara nyingi nilikuwa nimeitwa.

Nianze na Riyadh. Katika wodi yangu ya kwanza alikuwapo dada mmoja Mkenya, mchapakazi kweli kweli. Usiku mmoja alikosea kuiseti mashine ya dripu ya heparini, nukta ikakaa mahali sipo, mgonjwa akawa anapata dawa kwa kasi mara kumi ya ile aliyoandikiwa. Aligundua mwenyewe baada ya nusu saa. Akaizima mashine, akamwita daktari, damu ikapimwa, mgonjwa hakupata madhara. Kisha akafanya kile tulichofundishwa wote: akajaza fomu ya kuripoti tukio, ile mnayoiita OVR. Hakuna aliyemwona. Angeweza kunyamaza.

Wiki iliyofuata aliitwa ofisini. Akapewa barua ya onyo, akakatwa mshahara wa siku tatu, na akaambiwa kwamba suala la kuongezewa mkataba "litaangaliwa". Mnajua neno hilo lina maana gani kwa mtu ambaye iqama yake iko mikononi mwa mwajiri na ada za watoto ziko Nakuru.

Sasa sikilizeni kilichotokea baada ya hapo. Fomu kutoka wodi yetu zilikauka. Mwezi wa kwanza mbili, wa pili hakuna, wa tatu hakuna. Wakubwa walifurahi sana. Ubaoni pakabandikwa karatasi yenye maandishi makubwa: siku 90 bila kosa. Tukaletewa keki. Nakumbuka nimeshika kipande cha ile keki, natazamana na yule dada, wala hatukusemeshana.

Na mimi ndani ya siku hizo 90 nilikosea. Jambo hili sijawahi kulisema hadharani. Tulikuwa wachache, wagonjwa wengi, na dawa ya vankomaisini ya saa mbili asubuhi niliichelewesha mpaka saa nne. Kwenye chati nikaandika saa mbili. Walio wauguzi hapa wameshaona tatizo. Jioni damu ilipochukuliwa kupima kiwango cha dawa kabla ya dozi inayofuata, kiwango kilionekana kiko juu, kwa sababu dawa ilikuwa imeingia saa mbili nyuma ya muda ulioandikwa. Daktari akaiamini chati yangu, akapunguza dozi. Siku ya tatu homa ya mgonjwa ikarudi. Alikaa hospitali siku nane zaidi, kisha akapona akaenda nyumbani. Siwezi kuapa kwamba ilikuwa ni kwa sababu yangu. Wala siwezi kuapa kwamba haikuwa.

Kwa nini niliandika uongo? Mimi si mwongo. Nilikuwa nimeona mwenzangu alivyolipwa kwa kusema kweli. Hospitali ile ilinifundisha kwa vitendo, kuliko semina zote walizotupa, kwamba funika kombe mwanaharamu apite. Na naomba hapa tuelewane: watu wengi wanadhani utamaduni wa kazini ni yale mabango ya korido, "Tunajali", "Mgonjwa Kwanza", pamoja na zile shamrashamra za wiki moja kabla wakaguzi wa CBAHI hawajafika, ambapo hata sabuni zinaonekana. Kwa mtazamo wangu utamaduni ni kitu kimoja tu. Ni kile ambacho mfanyakazi wa chini kabisa anakijua kitampata endapo atasema ukweli. Kila mtu kazini anakijua, hata mgeni wa wiki mbili.

Msidhani haya ni ya wodi moja. Mji huu tuliokaa una historia yake, na wengine mlikuwepo.

Juni 2012 mzee wa miaka 60 alilazwa katika hospitali binafsi hapa Jeddah kwa nimonia kali, figo zikashindwa, akafariki. Mtaalamu wa virusi pale, Mmisri aitwaye Ali Mohamed Zaki, hakuridhika na majibu aliyoyaona. Akapeleka sampuli kwa wenzake wa Rotterdam, Uholanzi, ikaonekana ni kirusi cha jamii ya korona ambacho hakijawahi kuonekana kwa binadamu. Septemba 2012 akatangaza kwenye mtandao wa madaktari unaoitwa ProMED. Ndani ya siku chache tu London wakamtambua mgonjwa wao kutoka Qatar mwenye kirusi karibu kilekile. Hicho ndicho tunachokiita leo MERS. Na Zaki? Alirudi Misri akiwa amepoteza kazi. Mwenyewe aliviambia vyombo vya habari kwamba alilazimishwa kuondoka kwa sababu ya kutangaza.

Fikirini mnavyotaka kuhusu taratibu alizopita au hakupita, wapo wanaosema alitakiwa kwanza kuiambia Wizara. Hata mimi naona hoja hiyo ina uzito wake. Lakini jiwekeni kwenye nafasi ya kila daktari na kila muuguzi wa Jeddah aliyesikia habari ile. Wamejifunza nini?

Majira ya kuchipua ya 2014 MERS ikalipuka mji huu. Kuanzia Januari mpaka katikati ya Mei walithibitishwa watu 255 Jeddah peke yake, na 93 kati yao walifariki. Watafiti walipokwenda kuwafuatilia wagonjwa ambao si wahudumu wa afya, wale waliopatikana habari zao, waligundua kwamba karibu wote walikuwa wamepita hospitalini au wamekutana na mgonjwa kabla ya kuugua. Yaani ugonjwa haukuwa unatembea sokoni Balad wala kwenye ufukwe wa Corniche. Ulikuwa unatembea kwetu, kwenye korido zetu, mikononi mwetu. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walipokuja walisema hivyo hivyo: kanuni za kuzuia maambukizi zilivunjwa. Idara ya dharura ya Hospitali ya King Fahd ilifungwa kwa muda mwezi Aprili, na madaktari wasiopungua wanne walijiuzulu kuliko kuwahudumia wagonjwa wale. Aprili 21 Waziri wa Afya akaondolewa.

Wenzangu waliokuwepo wananieleza kwamba ule mwezi watu walikuwa wanaulizana habari kwa WhatsApp kwa sababu kazini hakuna aliyekuwa anaambiwa kitu. Mtu anakohoa, anameza panadoli, anaingia zamu, maana akisema anaumwa ataulizwa maswali. Waswahili tulishasema zamani kwamba mficha maradhi kifo kitamuumbua.

Lakini nataka muone na upande wa pili, maana haki ni haki. Mapema Juni 2014 Wizara ikiwa chini ya kaimu waziri mpya, Adel Fakeih, ilitangaza kwamba imepitia upya kumbukumbu na kukuta wagonjwa 113 ambao hawakuwahi kutangazwa. Jumla ya nchi ikapanda mpaka wagonjwa 688 na vifo 282. Fikiria wewe ni waziri mwenye wiki sita ofisini, unasimama mbele ya dunia nzima na kusema hesabu zetu zilikuwa pungufu, vifo vimeongezeka. Wangapi kwetu wangethubutu? Na hakuna aliyekufa kwa sababu ya tangazo lile. Agosti 2015 ugonjwa uliporudi kwa nguvu Riyadh, katika hospitali kubwa ya Walinzi wa Taifa, idara ya dharura ilifungwa, wagonjwa wakatengwa, na baadaye madaktari wenyewe wa hospitali ile wakaandika kila kitu kwenye jarida la kitaalamu: wagonjwa 130 kwa kuhesabu waliothibitishwa na waliodhaniwa, wahudumu wa afya 43 miongoni mwao, na msongamano wa dharura ukitajwa wazi. Mmoja wa walioandika ni Dk. Hanan Balkhy, mama wa Kisaudi, ambaye tangu Februari 2024 ndiye mkurugenzi wa kanda hii ya Shirika la Afya Duniani, mwanamke wa kwanza kushika kiti hicho. Kuandika makosa ya nyumba yake hakukumzuia kufika huko.

Sasa turudi kwetu, najua mnangoja hapo.

Watanzania wenzangu, Mei 2020 tulimsikia Rais Magufuli akisema kwamba sampuli za papai na mbuzi zimepelekwa maabara ya taifa na majibu yakarudi zina korona. Siku iliyofuata mkurugenzi wa maabara akasimamishwa kazi. Takwimu za bara zilikuwa zimeshakoma kutolewa mwishoni mwa Aprili. Sitaki tubishane leo kama vipimo vilikuwa vizima au vibovu, kipimo kikiwa na hitilafu kinachunguzwa. Mimi nauliza swali la muuguzi: baada ya siku ile, mtaalamu wa maabara pale Mwanza au Mtwara akipata jibu lisilopendeza, atampigia nani simu? Nilikuwa huku Jeddah, wenzangu niliosoma nao Muhimbili wako wodini, tunaongea usiku, na hata kwa simu walikuwa wanasema "ile nimonia". Wauguzi wenye shahada, hawathubutu kutaja jina la ugonjwa wanaouuguza.

Na utamaduni hauondoki kwa sababu aliyeujenga ameondoka. Januari 14 mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa ya watu wanaodhaniwa kufa kwa Marburg mkoani Kagera. Wizara yetu ikajibu kwamba sampuli zimepimwa, hakuna Marburg. Januari 20 Rais Samia akasimama Dodoma, Dk. Tedros pembeni yake, akatangaza kwamba yupo mgonjwa aliyethibitishwa. Siku sita. Wapo mtakaosema siku sita ni kidogo ukilinganisha na ya 2020, na ni kweli, nampongeza kwa kusema mwenyewe kwa mdomo wake. Lakini Kagera ilikuwa imeshapigwa na Marburg mwaka 2023 na mhudumu wa afya akafa. Siku sita kwa muuguzi wa Biharamulo asiye na glavu za kutosha si kidogo hata chembe. Mlipuko ulitangazwa kwisha Machi 13, watu 10 wamefariki, wawili wamethibitishwa na wanane wa kudhaniwa.

Nikitafuta kiongozi jasiri kwetu Afrika Mashariki siendi ikulu ya nchi yoyote. Nakwenda Gulu, Uganda, hospitali ya Lacor, mwaka 2000. Dk. Matthew Lukwiya alikuwa mganga mkuu wa pale lakini yuko Kampala anasoma. Oktoba 7 akapigiwa simu: njoo, watu wanakufa kwa namna isiyoeleweka, na wanafunzi wetu wa uuguzi wamo. Akarudi, akakesha anasoma mafaili ya waliokufa, akaona ni Ebola. Hakungoja barua ipande ngazi na kushuka ngazi. Alimpigia moja kwa moja kamishna wa wizara, sampuli zikapelekwa Afrika Kusini, ndani ya wiki moja hivi nchi ikajua. Ukiacha ile simu, waliougua wangekuwa wengi kuliko 425, na waliokufa wengi kuliko 224.

Ninachokipenda zaidi ni kilichotokea Novemba. Wauguzi walikuwa wanakufa. Wafanyakazi wakagoma, mamia yao wakakusanyika ukumbi wa shule ya uuguzi, wamechoka, wanaogopa, wanataka hospitali ifungwe. Mganga mkuu wa kawaida angeandika barua: asiyefika zamu kesho amejifukuzisha kazi. Lukwiya alikwenda akakaa nao saa kadhaa, akasikiliza, akabishana, akawaambia wanaotaka kuondoka waondoke, yeye hataisaliti kazi yake. Walimalizia kwa kuimba wakarudi wodini. Walimwamini kwa sababu tangu siku ya kwanza alikuwa anaingia kwenye wodi ileile wanayoingia wao.

Desemba 5 alifariki, mwenyewe kwa Ebola, akiwa na miaka 43. Na hapa nina neno ambalo huenda halitawapendeza. Inasemekana aliambukizwa usiku alipokimbilia kumsaidia muuguzi wake aliyekuwa anakata roho. Alivaa gauni, glavu na barakoa, miwani ya kujikinga hakuvaa. Tunampenda na tutaendelea kumpenda, lakini mimi sitaki kazi inayohitaji mtu afe ndipo wengine wamwamini mkubwa wao. Hata jasiri akichoka husahau miwani. Pale mlangoni ndipo panapohitajika mtu wa chini, mfagizi akiwa yeye, aweze kusema "Daktari, miwani", na daktari arudi nyuma bila kinyongo.

Mtu wa namna hiyo nimemwona kwa macho yangu hapa Jeddah. Ni sista mkuu wa wodi niliyohamia, mama wa Kihindi kutoka Kerala, mfupi, ana miaka yake hamsini na kitu. Wiki yangu ya kwanza, kwenye kikao cha asubuhi cha dakika kumi, alitoa fomu na kuisoma kwa sauti. Tukio: muuguzi amekaribia kumpa mgonjwa dawa ya mgonjwa mwingine, majina mawili ya kwanza yanafanana. Mnajua wodi za huku, kina Mohammed watano. Jina la aliyekosea: yeye mwenyewe. Saini: yake. Kisha akauliza, tufanye nini? Kijana Mfilipino akapendekeza karatasi ya rangi kwenye faili za majina yanayofanana. Ikaanza siku ileile. Mwezi ule fomu za wodi yetu zilikuwa nyingi kuliko wodi zote, na mkubwa mmoja akaja kuuliza kwa nini wodi hii ni mbovu hivi. Sista akamjibu kwamba wodi hii haina makosa mengi kuliko nyingine, ina makosa mengi yaliyoandikwa.

Mwaka mmoja baadaye alimzuia daktari bingwa mlangoni mwa chumba cha mgonjwa aliyetengwa kwa sababu hakunawa mikono. Mbele za watu. Miezi michache mbele akahamishiwa idara nyingine, "kwa mahitaji ya kazi". Hapa ndipo nilipojua kama nimejifunza kitu au la. Tuliandika barua. Saini ishirini na sita, Wahindi, Wafilipino, Wasudani, Wasaudi wawili, na sisi wa Afrika Mashariki watatu. Wanne hawakuweka saini na siwalaumu, mmoja mkataba wake ulikuwa umebaki mwezi. Mkono wangu ulitetemeka, nawaambieni ukweli. Sista alirudishwa baada ya miezi mitano. Kama ni kwa barua yetu au kwa sababu kule alikopelekwa nako alianza kusoma fomu, sijui.

Kidogo kuhusu dada zetu wa majumbani, kwa sababu tukizungumzia mahali pa kazi hatuwezi kuruka mahali ambapo pana mfanyakazi mmoja na mlango mmoja. Machi 14, 2021 Saudia ilibadilisha masharti, mfanyakazi wa sekta binafsi akaweza kuhamia kwa mwajiri mwingine bila ruhusa ya wa kwanza katika hali zilizotajwa. Wafanyakazi wa majumbani hawakuwemo. Dada yule hana fomu ya OVR. Mara moja niliitwa idara ya dharura nitafsiri Kiswahili, binti ameanguka, mkono umevunjika, na kila ninachomuuliza anajibu mama mwajiri. Nilimwambia daktari siwezi kutafsiri kwa mtu wa tatu. Daktari, kijana wa Kisaudi, akamwomba yule mama kwa adabu sana akasubiri nje. Binti akaanza kuongea. Wauguzi mliopo hapa, hilo liko ndani ya uwezo wenu kila siku, halihitaji cheo.

Namaliza. Siku hizi nakaimu usimamizi wa zamu za usiku. Mwezi uliopita, saa tisa usiku, binti mmoja mgeni, hana hata miezi mitatu tangu atoke Mwanza, alinijia na chati mkononi, uso umemshuka. "Dada, nimekosea." Dozi alikuwa ameitoa mara mbili. Nikaangalia saa ukutani, na nawaapia niliiona ile chati yangu ya Riyadh. Tulikwenda kwa mgonjwa, tukamwita daktari, tukampima mpaka alfajiri, yuko salama. Kisha tukakaa tukajaza fomu pamoja, sahihi yake na yangu. Asubuhi ofisi iliuliza nani anawajibika, nikasema zamu ilikuwa yangu, na wauguzi walikuwa wawili pungufu, hilo pia nimeliandika.

Wameniambia watanijulisha. Mpaka leo bado sijajulishwa, na yule binti yupo pale mstari wa nyuma, yuko zamu pamoja nami usiku huu. Nakaribisha maswali, ila mtuachie gari la saa moja.